Mzee Anaposikia "Sita" Badala ya "Tisa"

Masikio, macho na mazungumzo ya wazee wa Ngara na Biharamulo

Katika vijiji vya wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, mzee ni mtu wa kusikilizwa. Ugomvi wa mpaka wa shamba, mgawanyo wa urithi, posa ya binti, hata jina la mtoto mchanga, yote hayo hupelekwa mbele yake. Lakini huyu tunayemwendea ili atusikilize ndiye ambaye masikio yake yamepungua nguvu na macho yake yameanza kuingia ukungu. Anaulizwa jambo hili, anajibu lile. Anaamkiwa, hajibu. Anaambiwa mara tatu, na mara ya nne anakasirika. Ndipo watu huanza kunong'onezana: "Mzee amekuwa mkaidi," au "Bibi akili zimemtoka."

Je, ni kweli kwamba akili zimemtoka? Mara nyingi sivyo. Akili ingali mahali pake, ila njia za kuifikia ndizo zilizoziba. Katika makala haya tutaeleza jinsi masikio na macho yanavyoshirikiana katika mazungumzo, kwa nini kupungua kwa vyote viwili kwa pamoja kuna madhara makubwa kuliko kupungua kwa kimoja, na mambo ambayo jamaa, walimu na wanafunzi wanaweza kuyafanya.

Jambo hili si la watu wachache. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtaja mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, na Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa Tanzania ina wazee wa umri huo zaidi ya milioni 3. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya robo ya watu wa rika hilo duniani wana upungufu wa kusikia wa kiasi cha kuwatatiza katika maisha ya kila siku.

Sikio linavyozeeka

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mtikisiko huo hupita katika tundu la sikio, hutikisa ngoma ya sikio, kisha hupokelewa na vifupa vitatu vidogo ambavyo huupeleka katika sikio la ndani. Humo mna mfereji uliojiviringa kama nyumba ya konokono, uitwao koklea. Koklea imejaa maji, na ndani yake zimepangwa seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000 katika kila sikio. Vinyweleo hivyo vitikisikapo, seli hupeleka habari kwenye ubongo kwa njia ya neva.

Seli hizo zimegawana kazi. Zilizo karibu na mlango wa koklea hupokea sauti nyembamba, na zilizo mbali, kwenye kilele cha mzunguko, hupokea sauti nene. Ni Georg von Békésy aliyeonyesha jinsi mawimbi yanavyosafiri ndani ya koklea, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Mtu anapozeeka, seli za karibu na mlango, yaani zile za sauti nyembamba, ndizo zinazotangulia kufa. Nazo zikifa hazioti tena. Mwaka 1988 wanasayansi nchini Marekani walitangaza kwamba ndege huweza kuotesha upya seli za namna hiyo zilizoharibika. Kwa hiyo kuku wa uani ana uwezo ambao mwenye kumfuga hana.

Uzee si sababu pekee. Kelele kubwa za muda mrefu, kama zile za mashine za kukoboa na kusaga nafaka, au za kuponda mawe katika machimbo madogo ya dhahabu ya Biharamulo, huzimaliza seli hizo kabla ya wakati wake. Baadhi ya dawa, kama vile streptomaisini na jentamaisini, zinaweza kuzidhuru. Kwinini nayo humfanya mtu asikie mvumo masikioni na kupungukiwa na usikivu, ingawa aghalabu hali hiyo hupita dawa inapokwisha. Tena wapo wazee ambao tatizo lao ni nta tu iliyoganda katika tundu la sikio, jambo ambalo mganga wa zahanati anaweza kulimaliza kwa muda mfupi.

Herufi zinazotangulia kupotea

Kwa mtu anayesema Kiswahili, kupotea kwa sauti nyembamba kuna maana gani? Hapa ndipo sayansi inapokutana na lugha.

Maneno ya Kiswahili hujengwa kwa irabu na konsonanti. Irabu, yaani a, e, i, o, u, ni sauti nene zenye nguvu. Konsonanti kama s, f, t, k, sh, ch na h ni sauti dhaifu, na nyingi kati yake ni nyembamba. Nguvu kubwa ya sauti ya s, kwa mfano, iko katika mitikisiko inayozidi 4,000 kwa sekunde. Kwa hiyo mzee aliyepungukiwa na usikivu huendelea kusikia irabu vizuri, lakini konsonanti zinamponyoka. Ndiyo maana wazee wengi husema, "Nakusikia, lakini sikuelewi." Maneno hayo ni maelezo sahihi kabisa ya ugonjwa wao. Wanasikia mwili wa neno bila mifupa yake.

Tazama maneno haya: fika, pika, shika, zika. Irabu ni zile zile, na tofauti yote imo katika konsonanti moja ya mwanzo. Hali kadhalika kisu na kitu. Lakini mfano ulio mzito kuliko yote ni wa namba mbili, sita na tisa. Irabu zao hazitofautiani hata kidogo, nazo konsonanti ni zile zile mbili zilizobadilishana nafasi. Mzee aliyeambiwa na mganga aje saa tisa anaweza kufika saa sita, akakaa juani kwa saa tatu. Au aliyeambiwa saa sita akafika saa tisa na kukuta mlango umefungwa.

Hatari nyingine imo katika sarufi yenyewe. Katika Kiswahili, "atakuja" na "hatakuja" hutofautiana kwa h moja tu, ambayo ni pumzi hafifu. Sikio la mzee likiikosa pumzi hiyo, kukataa kunageuka kuwa kukubali. Bibi atapika chakula cha mgeni asiyekuja, kisha atasema kwamba amedanganywa. Naye aliyempa habari ataapa kuwa alimwambia kweli. Wote wawili wanasema kweli.

Lugha za nyumbani nazo zina mambo yake. Kihangaza cha Ngara ni jamaa wa karibu wa Kirundi, na katika lugha za jamii hiyo kupanda na kushuka kwa sauti huweza kutofautisha maana za maneno. Kupanda na kushuka huko huchukuliwa na sauti nene, ambazo sikio la mzee hudumu nazo kwa muda mrefu. Aidha, mzee ameisikia lugha hiyo tangu utotoni, na ubongo wake unajua kujaza mapengo. Lakini akifika kwa mganga aliyetoka mkoa wa mbali, hana budi kusikiliza Kiswahili, ambacho kwa wazee wengine ni lugha ya pili. Hapo mapengo ni mengi na ujuzi wa kuyajaza ni mdogo. Mzee anayezungumza vizuri nyumbani kwake Rulenge au Nyakahura huonekana kana kwamba haelewi kitu awapo zahanati.

Jicho nalo husikia

Watu wengi hudhani kwamba maneno huingia kwa masikio peke yake. Sivyo. Mwaka 1954 wataalamu wawili wa Marekani, Sumby na Pollack, walionyesha kuwa mtu aliye katika kelele huelewa maneno mengi zaidi anapouona uso wa msemaji. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald, waliokuwa wakifanya kazi Uingereza, walionyesha jambo la ajabu zaidi. Walitengeneza filamu ambamo midomo ya msemaji ilitamka "ga" huku sauti iliyowekwa ikiwa "ba". Watazamaji wengi walisema wamesikia "da", silabi ambayo haikuwamo katika sauti wala katika midomo. Ubongo ulikuwa umechanganya habari za sikio na za jicho, ukapata kitu cha tatu.

Kwa bahati njema, baadhi ya konsonanti zinazolisumbua sikio huonekana kwa urahisi. Sauti za p, b na m hufumba midomo. F na v huupeleka mdomo wa chini kwenye meno. Kwa hiyo mzee asiyeweza kutofautisha kwa sikio paka na taka, au fika na shika, ataweza kwa jicho. Bila kufundishwa na mtu yeyote, wazee wengi wamejifunza kusoma midomo, wala wao wenyewe hawajui kwamba wanafanya hivyo.

Lakini jicho nalo huzeeka. Kwanza, lenzi ya jicho hupoteza ulaini wake. Mtoto wa miaka 10 huweza kuona vizuri maandishi yaliyo umbali wa sentimita 8 hivi kutoka jichoni. Mtu wa miaka 40 anahitaji zaidi ya sentimita 20. Na mtu wa miaka 60, bila miwani, aghalabu hupata shida na kitu chochote kilicho karibu kuliko mita 1. Uchunguzi uliofanyika wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, na kutangazwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa watu 6 hivi katika kila 10 wenye umri wa miaka 40 na zaidi walikuwa na tatizo hilo, na wengi mno kati yao hawakuwa na miwani. Wapo wazee waliojifunza kusoma katika madarasa ya kisomo cha watu wazima ya miaka ya 1970, kisha maandishi yakawaponyoka tena, si kwa kuyasahau, bali kwa kukosa miwani.

Pili, mboni huwa ndogo na lenzi hugeuka rangi kuelekea manjano. Jicho la mtu wa miaka 60 huingiza theluthi moja hivi ya mwanga unaoingia katika jicho la kijana wa miaka 20. Tatu, lenzi inaweza kuingia ukungu kabisa, hali iitwayo mtoto wa jicho, ambayo ni sababu kubwa ya upofu katika Afrika. Nne, upo ugonjwa wa shinikizo la jicho, yaani glakoma, ambao huharibu neva ya jicho kimyakimya, na kilichopotea hakirudi.

Vinapopungua vyote viwili

Sasa tunaweza kuona uzito wa jambo lenyewe. Mtu aliyepungukiwa na usikivu lakini anaona vizuri hujisaidia kwa macho. Mtu aliyepungukiwa na uoni lakini anasikia vizuri hujisaidia kwa masikio. Huwatambua watu kwa sauti na hujua hasira au mzaha kwa namna ya usemaji. Lakini aliyepungukiwa na vyote viwili amepoteza kitu pamoja na kile kilichoweza kushika nafasi yake. Kwa hiyo upungufu mdogo wa masikio na upungufu mdogo wa macho, kila mmoja usioleta shida peke yake, vikikutana huweza kuleta shida kubwa.

Fikiri kuhusu mazungumzo ya jioni katika nyumba nyingi za vijijini. Familia imekaa kuzunguka moto au taa ndogo. Uso wa msemaji umo gizani, au taa iko nyuma yake. Redio inasema, watoto wanacheka, watu watatu wanazungumza kwa pamoja. Kwa kijana hiyo ni furaha ya familia. Kwa bibi mwenye ukungu wa macho na masikio mazito ni mvumo tupu. Baada ya muda anaacha kuuliza, anatikisa kichwa kukubali asichokisikia, na mwisho anakwenda kulala mapema. Upweke wake umeanza angali katikati ya watu.

Simu ya mkononi imeleta faraja na tatizo. Mjukuu aliyeko Mwanza au Dar es Salaam anaweza kumpigia babu yake Murusagamba. Lakini simu huondoa uso wa msemaji, na simu za kawaida hupitisha mitikisiko ipatayo 300 hadi 3,400 tu kwa sekunde, kwa hiyo hukata sehemu kubwa ya sauti za s na f. Ujumbe wa maandishi nao humshinda asiye na miwani.

Makosa ya kuhukumu

Jamii isiyojua mambo haya hutoa hukumu zisizo za haki. Bibi asiyewatambua watu walio umbali wa hatua kumi hupita bila kusalimu, nao husema kwamba ana kinyongo. Babu asiyeitikia "Shikamoo" iliyotamkwa nyuma ya mgongo wake huitwa mwenye majivuno. Mzee anayejibu jambo ambalo hakuulizwa huhesabiwa kuwa amerukwa na akili.

Ipo hukumu iliyo mbaya kuliko hizo. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na jirani zake, hasa Shinyanga, Mwanza na Tabora, wanawake wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na wekundu wa macho ukatajwa kuwa ushahidi. Biharamulo haiko mbali na maeneo hayo. Basi kila mwanafunzi na ajue: macho huwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini jikoni, kwa ukavu wa macho unaoletwa na uzee, kwa trakoma na maradhi mengine. Weupe unaoonekana ndani ya mboni aghalabu ni mtoto wa jicho. Hizo ni dalili za kumpeleka mtu hospitali. Bibi mwenye macho mekundu, asiyesalimu na anayejibu ovyo, ni mgonjwa wa macho na masikio, naye ana haki ya kutibiwa na kulindwa.

Kuhusu akili, tuseme wazi kwamba maradhi ya kupoteza kumbukumbu yapo, nayo huongezeka na umri. Ila si vema kuyadhania kabla ya kupima masikio na macho. Isitoshe, tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la Uingereza liitwalo The Lancet, katika taarifa yake ya mwaka 2024, iliutaja upungufu wa kusikia na upungufu wa kuona usiotibiwa kuwa miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza hatari ya maradhi hayo, na ambayo yanaweza kupunguzwa. Kumsaidia mzee asikie na aone huenda kukawa pia njia ya kuilinda akili yake.

Yanayoweza kufanyika

Jambo la kwanza ni kumpeleka mzee kupimwa. Katika wilaya hizi zipo hospitali kama Murgwanza na Rulenge huko Ngara, na hospitali ya Biharamulo. Na mgonjwa anayehitaji bingwa huweza kupewa rufaa ya kwenda Bukoba au Bugando, Mwanza. Mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji mfupi, ambapo lenzi iliyoharibika huondolewa na lenzi ya bandia kuwekwa mahali pake, ufundi ulioanzishwa na Harold Ridley mjini London mwaka 1949. Miwani ya kusomea ni kitu rahisi. Vifaa vya kusaidia kusikia vipo, ingawa bei yake na betri zake bado ni mzigo kwa wengi. Kamwe asichokonolewe sikio kwa kijiti cha kiberiti, wala asitiwe majani machoni.

Jambo la pili halihitaji fedha, nalo ni namna yetu ya kusema. Mkaribie mzee, msimame uso kwa uso, na mwanga uangukie uso wako. Zima redio. Mwite kwanza, upate nadhari yake, ndipo useme. Sema polepole kidogo, lakini usipige kelele. Kelele huongeza nguvu za irabu, ambazo tayari anazisikia, na konsonanti hubaki nyuma. Zaidi ya hayo, sikio lililoharibika huwa na tabia ya kutosikia sauti ndogo kabisa huku likiumizwa na sauti kubwa. Ndiyo sababu mzee yule yule husema "Paza sauti," kisha dakika moja baadaye husema "Usinipigie makelele."

Asipoelewa, usirudie neno lile lile mara tano. Tafuta neno lingine. Usiseme "saa tisa" tu, bali sema "saa tisa alasiri, jua likishapinda," na umwonyeshe kwa vidole, kwa maana sita na tisa hufanana hata midomoni. Usiseme "hatakuja" tu, bali sema "hapana, hatakuja," na utikise kichwa. Mwisho, mwombe akurudie alichosikia, kwa adabu, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba yeye mwenyewe amesema vizuri.

Majaribio mawili ya darasani

Jaribio la kwanza. Andika maneno 20 yanayofanana irabu, kama vile paka, taka, kaka, shaka, saka, fika, pika, shika, zika, baba, dada, kisu, kitu, sita, tisa. Washa redio mahali pasipo na stesheni ili itoe mvumo. Mwanafunzi mmoja asimame umbali wa mita 3 na kuyasoma maneno hayo kwa sauti ya kawaida huku amefunika mdomo kwa karatasi, na wenzake waandike walichosikia. Kisha abadili mpangilio wa maneno na kusoma tena bila karatasi. Hesabu maneno yaliyopatwa kila mara. Je, ni maneno gani yaliyosaidiwa na macho, na ni yapi hayakusaidiwa? Kwa nini?

Jaribio la pili. Chukua rula na ukurasa wa kitabu. Fumba jicho moja, sogeza ukurasa karibu na jicho lililo wazi mpaka herufi zianze kufifia, kisha upime umbali huo. Pima wanafunzi, walimu, na kwa idhini yao wazazi na wazee wa nyumbani, bila miwani. Chora grafu ya umri na umbali, na uone mstari unavyopanda baada ya miaka 40.

Grafu hiyo inahusu pia aliyeichora. Kila kijana aliye darasani leo, akijaliwa umri, atapanda mstari huo huo, na seli za koklea yake zinahesabika tangu sasa. Uzee wa masikio na macho hauwezi kuzuiwa wote, lakini kumfanya mzee mgeni katika nyumba yake mwenyewe kunaweza kuzuiwa. Panahitajika taa iliyowekwa mahali pazuri, miwani, safari moja ya hospitali, na subira ya kusema jambo mara ya pili kwa maneno mengine. Mzee akielewa alichoambiwa, ataweza tena kufanya kazi ambayo kijiji kimempa siku zote, yaani kusikiliza na kutoa shauri.